Jioni Nne za Paulo Sousa katika Banda la Mpira la Ngamiani

Mabanda ya kuonyeshea mpira ni mengi katika mji wa Tanga, na mkazi wa Ngamiani hana haja ya kuvuka zaidi ya barabara mbili kabla hajalifikia moja. Mengi yanafanana: mabati juu, mabenchi chini, luninga mbili au tatu, king'amuzi, na kijana mlangoni anayepokea kiingilio. Banda ninaloliandikia tathmini hii linafanana na hayo kwa sura, na wala halina ubao wa jina. Watu wa mtaa huliita banda la mwembeni kwa sababu ya mwembe mkubwa unaolifunika upande wa magharibi. Kinacholitenga na mengine ni huduma linayoitoa katika wiki ambazo ligi za Ulaya zimekwisha, wakati wenzake wanapogeukia filamu au wanapofunga milango. Mwenye banda huchagua mtu mmoja wa mpira na kusimulia maisha yake kwa jioni nne mfululizo, kuanzia baada ya sala ya Isha hadi karibu saa nne na nusu usiku, akitumia projekta, vipande vya mechi za zamani, ubao wa drafti na sauti yake mwenyewe. Kiingilio ni shilingi 1,000 kwa jioni moja, au 3,000 kwa anayelipia zote nne siku ya kwanza.

Mwezi wa sita jina lililobandikwa mlangoni lilikuwa la Paulo Sousa, Mreno aliyecheza kiungo mkabaji, yule wa katikati anayewalinda mabeki kwa mbele, katika miaka ya tisini na baadaye akawa kocha. Vijana wengi walikuwa wametarajia Cristiano Ronaldo au José Mourinho, na wapo waliosoma tangazo wakaondoka. Mwenye banda ni mzee wa miaka sabini hivi, ambaye aliiona kwa macho yake Coastal Union ikitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Aliwaambia waliobaki kwamba Ronaldo wanamjua na hawana haja ya kulipa wasimuliwe habari zake, na kwamba yeye anataka kuwaonyesha mtu ambaye akicheza vizuri hakuna anayemwona. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nilipie jioni zote nne, zangu na za mpwa wangu wa miaka 14, ambaye katika timu ya shule yake amepangwa nafasi hiyo hiyo na haipendi.

Jioni ya kwanza ilifunguliwa na swali la mtoto aliyeketi mbele, aliyetaka kujua Ureno iko wapi. Mzee hakukimbilia ramani. Aligonga meza iliyokuwa mbele yake, akamwambia mtoto kwamba neno meza tumelipata kwa Wareno, kama tulivyopata bendera, leso na karata. Kisha akatukumbusha kwamba mwaka 1498 moja ya meli za Vasco da Gama, iitwayo São Rafael, ilikwama kwenye miamba ya Mtangata, huku huku kwetu upande wa Tongoni, na mwaka uliofuata wakati wa kurudi ikachomwa moto na mabaharia wenyewe. Utangulizi huo ulichukua dakika kama tano, na ingawa haukuhusu mpira, sikuona kuwa muda umepotea, kwa kuwa baada ya hapo hakuna mtoto aliyeiona Ureno kuwa nchi ya hadithi.

Paulo Sousa alizaliwa tarehe 30 Agosti 1970 katika mji wa Viseu, ulioko bara, mbali na bahari. Akiwa kijana alichukuliwa na Benfica ya Lisbon, na mwaka 1989 alikuwa katika kikosi cha vijana wa Ureno kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana mjini Riyadh kwa kuifunga Nigeria 2-0 katika fainali. Kocha wa kikosi hicho alikuwa Carlos Queiroz, mzaliwa wa Nampula nchini Msumbiji, na miongoni mwa wachezaji walikuwamo Fernando Couto na João Pinto. Mzee alitutaka tuyashike majina mawili, la Queiroz na la João Pinto, bila kutueleza sababu. Aliendelea na Benfica ya wakubwa, ambako Sousa alianza kuaminiwa na kocha Sven-Göran Eriksson kutoka Sweden na kutwaa ubingwa wa Ureno mwaka 1991, na hapo akatutaka tulishike jina la tatu, la huyo Eriksson.

Kisha tukafika kiangazi cha mwaka 1993, na ni hapa nilipoanza kuthamini kwa dhati ninachokilipia. Benfica ilikuwa katika dhiki ya fedha na mishahara ilikuwa haifiki. Sousa na mwenzake Pacheco wakavunja mikataba yao na kuvuka kwenda Sporting, klabu ya mji uleule, mtani wa jadi. João Pinto naye alikaribia kuvuka, lakini uongozi wa Benfica ukamfuata na kumrudisha. Katika banda la Ngamiani habari ya namna hiyo haihitaji kufafanuliwa. Watu wa Tanga wameishi na utani wa Coastal Union na African Sports tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na wanajua nyumba ambamo baba ni Mgosi, yaani wa Coastal, na mama ni wa Kimanumanu, yaani wa African Sports, na wanajua mchezaji anayevuka hununiwa kwa muda gani na nani anaacha kumjibu salamu kwenye baraza la kahawa. Banda zima lilinyamaza. Mzee mmoja aliyeketi nyuma alitamka polepole, "Mshahara usipofika, mtoto hali utani," na hakuna aliyembishia.

Kilichofuata kilisimuliwa kwa ustadi ambao sijausikia hata kwa watangazaji wanaolipwa. Tarehe 14 Mei 1994 Benfica ilikwenda katika uwanja wa Alvalade kucheza na Sporting, timu zote mbili zikiwa bado zinauwania ubingwa. Kocha wa Sporting alikuwa Queiroz yuleyule wa Riyadh. Sousa alikuwa upande wa Sporting. João Pinto, aliyebaki Benfica, alifunga mabao matatu, Benfica ikashinda 6-3 na baadaye ikatwaa ubingwa. Mzee alituonyesha mabao yote tisa bila kusema neno, akazima projekta, akatuuliza: kati ya vijana wawili waliokumbatiana Riyadh, nani alichagua vizuri? Hakungoja jibu. Alitangaza kuwa jioni ya kwanza imekwisha, na tukatoka kwenye giza la mtaa tukibishana hadi kwa muuza kahawa.

Jioni ya pili ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, na kama kuna mtu atakayeweza kuhudhuria jioni moja tu katika mfululizo ujao, ningemshauri aje siku ya pili. Mzee alianza na Juventus, iliyomsajili Sousa mwaka 1994, mwaka uleule ilipomchukua Marcello Lippi kuwa kocha. Msimu wa kwanza Juventus ilitwaa ubingwa wa Italia, ambao haikuwa imeuonja tangu mwaka 1986, pamoja na Kombe la Italia. Msimu wa pili ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Roma, tarehe 22 Mei 1996, dhidi ya Ajax. Fabrizio Ravanelli alifunga, Jari Litmanen akasawazisha, na Juventus ikashinda kwa mikwaju ya penalti 4-2.

Hapo ndipo ubao wa drafti ulipotolewa. Mzee aliuweka chini ya mwanga wa projekta, akapanga vizibo vya soda, vyekundu kwa Ajax na vyeusi kwa Juventus, na katikati akaweka vizibo vitatu vyeusi: Antonio Conte kulia, Didier Deschamps kushoto, Sousa kati yao na nyuma kidogo. Alieleza kwamba wote watatu baadaye walikuwa makocha. Deschamps aliipa Ufaransa Kombe la Dunia mwaka 2018, na Conte ametwaa ubingwa Italia na Uingereza. Kisha akatupa kazi. Angeweka kipande cha dakika kumi cha mechi hiyo, na sisi tulitakiwa tusiufuate mpira hata kidogo. Tumfuate mtu mmoja tu, Sousa, na kila anapogeuza shingo kutazama nyuma yake kabla ya kupokea pasi, tuguse goti.

Nimeutazama mpira kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninasema kwa moyo mweupe kwamba sikuwahi kuutazama hivyo. Dakika za mwanzo ni ngumu kwa sababu jicho linavutwa na mpira kama ndoo inavyovutwa na kamba. Baadaye jicho linatulia, na unaanza kumwona mtu anayetembea wakati wengine wanakimbia, anayesogea hatua tatu kushoto ili njia ya pasi ya adui izibe kabla pasi haijapigwa, anayepokea mpira akiwa ameshajua ataupeleka wapi, na anayeutoa kwa mguso mmoja au miwili kisha anarudi mahali pake kama bawabu. Magoti yalikuwa yakiguswa banda zima. Mpwa wangu aliacha kugusa goti lake katikati ya zoezi, akawa anatazama tu, na niliporudi naye nyumbani aliniambia, "Mjomba, kumbe yule ndiye aliyekuwa anaendesha." Sijui huduma nyingine hapa mjini ambayo kwa shilingi 1,000 ingemfundisha mtoto jambo hilo kwa usiku mmoja.

Baada ya mapumziko ya chai tuliingia Ujerumani. Sousa aliondoka Juventus mwaka 1996 baada ya kutwaa kombe na kujiunga na Borussia Dortmund ya kocha Ottmar Hitzfeld, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Mei 1997 mjini München, Dortmund ilikutana katika fainali na Juventus hiyohiyo, ambayo sasa ilikuwa na Zinedine Zidane. Katika kikosi cha Dortmund siku ile walikuwamo watu wanne waliowahi kuivaa jezi ya Juventus: Sousa, Jürgen Kohler, Stefan Reuter na Andreas Möller. Karl-Heinz Riedle alifunga mawili, Alessandro Del Piero akarudisha moja, na Lars Ricken, aliyekuwa ameingia sekunde chache tu kabla, akauinua mpira kwa mguso wake wa kwanza kutoka mbali na kumpita kipa. Mechi ikaisha 3-1. Kwa hiyo Sousa alitwaa Ligi ya Mabingwa miaka miwili mfululizo akiwa na klabu mbili tofauti, jambo ambalo Marcel Desailly alikuwa ametangulia kulifanya mwaka 1993 na 1994, na ambalo baadaye walilifanya Gerard Piqué na Samuel Eto'o.

Hapa lazima niandike kosa nililoliona. Mzee alisema kwamba pasi ya bao la Ricken ilitoka kwa Sousa, na vijana wakashangilia. Pasi ile ilitoka kwa Möller. Nilimfuata baada ya jioni kwisha, nikamwamkia na kumweleza kwa upole. Alinisikiliza, akasema ataitazama tena picha. Kesho yake, kabla ya jambo lolote, alisimama mbele ya watu wote na kusema, "Jana niliwapa pasi isiyo yake. Mwalimu kanikumbusha, nami nimeirudia picha, ni ya Möller." Kisha akaiweka tuione wenyewe. Nimekutana na wasomi wa ngazi za juu ambao hawako tayari kufanya hivyo, na kwangu mimi uaminifu huo unaongeza thamani ya huduma hii kuliko projekta mpya.

Niyaseme pia ya banda lenyewe, maana msomaji atakayekuja atayakuta. Joto ni kali. Mwembe unasaidia mchana, lakini usiku mabati yanaendelea kuachia moto wa jua hadi saa tatu, na feni ni mbili tu, zote upande wa kushoto. Mabenchi hayana egemeo, na mtu mwenye mgongo mbovu atateseka kabla ya mapumziko. Sauti ya spika ni kubwa kupita kiasi wakati wa vipande vya mechi na ni ndogo mzee anapozungumza, ilhali ni yeye tunayetaka kumsikia. Ningependa apewe kipaza sauti. Umeme ulikatika mara moja, jioni ya tatu, na jenereta iliwashwa kabla watu hawajaanza kulalamika. Wanawake wametengewa mabenchi mawili nyuma ya projekta, mahali ambapo picha inaonekana vizuri ila ubao wa drafti hauonekani kabisa, na hilo nimemwambia mwenye banda na ninalirudia hapa, kwa kuwa niliona mama wawili wakisimama kwenye ncha za vidole muda wote wa zoezi la vizibo. Chai ya tangawizi ni nzuri na vitumbua ni vya moto, vinavyopikwa hapohapo nje na mke wa mwenye banda, na haviuzwi ghali.

Jioni ya tatu ilikuwa ya maumivu. Magoti ya Sousa hayakumpa nafasi ya kuendelea alivyoanza. Alipita Inter, Parma, Panathinaikos na Espanyol, akaichezea timu ya taifa ya Ureno mechi 51 zikiwamo za michuano ya Ulaya ya mwaka 1996 na 2000, akaenda na kikosi kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2002 bila kuingia uwanjani, na mwaka huohuo akatundika daluga akiwa na miaka 31 tu. Sehemu hii mzee aliipita haraka na alifanya vizuri.

Kutoka hapo alimgeuza kuwa kocha. Baada ya kufundisha vijana nchini kwao, Sousa alichukuliwa mwishoni mwa mwaka 2008 na Queens Park Rangers ya London, iliyokuwa daraja la pili la Uingereza, na hakumaliza hata msimu. Mshambuliaji wake Dexter Blackstock alipelekwa kwa mkopo klabu nyingine, Sousa akasema hadharani kwamba hakuulizwa, na Aprili 2009 klabu ikamfungashia virago kwa madai ya kutoa taarifa nyeti bila ruhusa. Msimu uliofuata alikuwa Swansea, na hapa ninatofautiana na mzee waziwazi. Yeye aliitaja Swansea kwa sentensi mbili, akisema timu ilichosha watazamaji kwa kufunga mabao 40 tu katika mechi 46. Ni kweli. Lakini timu hiyohiyo iliruhusu mabao 37 tu, ikamaliza nafasi ya 7, na ilikosa mechi za mchujo wa kupanda daraja kwa pointi moja. Sousa alipokea kikosi kilichofundishwa kumiliki mpira na Roberto Martínez, na alipoondoka akakikabidhi kwa Brendan Rodgers ambaye mwaka mmoja baadaye alikipandisha Ligi Kuu. Mtu aliyetufundisha jioni ya pili kumtazama yule asiyeonekana alipaswa kuuona msimu ule kama kazi ya kiungo mkabaji iliyofanywa kutoka kwenye benchi la ufundi: kulinda, kuzuia, kumpokea mmoja na kumpasia mwingine. Nilitamani sana aseme hivyo, naye hakusema.

Alijirekebisha alipofika Leicester. Sousa alikwenda huko mwaka 2010, akacheza mechi tisa za ligi na kushinda moja tu, na tarehe 1 Oktoba akatimuliwa. Mzee alituuliza nani alichukua nafasi yake. Kimya. Akarudi kwenye ubao, akachukua kizibo alichokuwa amekiweka pembeni tangu jioni ya kwanza, akakisukuma katikati: Sven-Göran Eriksson, kocha wake wa ujanani. Watu waliguna kwa mshangao kama waliosikia habari ya jirani yao.

Jioni ya nne ilikuwa na mambo mengi kuliko saa zilizokuwapo, na hili ndilo lawama yangu kubwa. Klabu na nchi kumi zilibanwa katika jioni moja. Videoton ya Hungaria, iliyoifunga Sporting 3-0 katika Ligi ya Europa mwaka 2012, yaani kocha akiishinda klabu aliyoivukia miaka 19 nyuma, ilipewa dakika tatu. Maccabi Tel Aviv, ambako alitwaa ubingwa wa Israeli mwaka 2014 na kutolewa Ulaya mara mbili na Basel katika msimu mmoja, ilipewa mbili. Basel ilimwajiri mara tu baada ya kumtoa, na kwake ikatwaa ubingwa wa Uswisi mwaka 2015, ikaifunga Liverpool 1-0 nyumbani, ikatoka nayo sare ya 1-1 Anfield na kuiacha nje ya mtoano wa Ligi ya Mabingwa. Habari hiyo pekee ingetosha nusu jioni. Tianjin ya China na Bordeaux ya Ufaransa zilipita kama daladala isiyosimama kituoni, na hizo sikuzisikitikia.

Fiorentina ilipata heshima yake. Septemba 2015 timu hiyo ya Florence ilikwenda Milan na kuifunga Inter 4-1, Nikola Kalinić akifunga matatu, na ikapanda kileleni mwa ligi ya Italia kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1999. Ilimaliza ya 5. Mwaka uliofuata, katika mechi ya kwanza ya msimu ugenini kwa Juventus, Sousa alimwanzisha kijana aitwaye Federico Chiesa, mtoto wa mchezaji mkubwa wa zamani, ambaye baadaye alitwaa Kombe la Ulaya na Italia. Mzee alituonyesha kipande ambamo timu ilibadilika umbo kila ilipoupata au kuupoteza mpira, mabeki watatu wakiwa wanne na wanne wakiwa watatu, na alivisukuma vizibo kwa vidole vyake vyembamba hadi hata mimi, ambaye kwa kawaida hupotea katika mambo hayo, nikaelewa kwamba yule aliyezoea kugeuza shingo kabla ya kupokea pasi sasa anawataka watu kumi na mmoja wageuze shingo kwa pamoja.

Kisha ikaja Poland, na mjadala ukawaka. Sousa alipewa timu ya taifa Januari 2021. Katika michuano ya Ulaya ya mwaka huo ilifungwa na Slovakia 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Hispania, ikafungwa na Sweden 3-2, ikashika mkia wa kundi ingawa Robert Lewandowski alifunga mabao matatu. Septemba ilipata sare na Uingereza mjini Warsaw kwa bao la dakika za nyongeza. Novemba, Lewandowski akiwa amepumzishwa, ilifungwa nyumbani na Hungaria 2-1 na kupoteza nafasi nzuri katika upangaji wa mechi za mchujo wa Kombe la Dunia. Na Desemba, mchujo ukiwa unakaribia, kocha akaomba kuvunja mkataba ili aende Flamengo ya Brazil. Alikwenda. Poland ilifuzu bila yeye chini ya Czesław Michniewicz. Yeye alitimuliwa Flamengo Juni 2022, na mrithi wake Dorival Júnior akatwaa Kombe la Libertadores, la klabu bingwa za Amerika Kusini, mwaka huohuo.

Mzee alimlaumu bila kumpunguzia. Alisema mtu mzima haachi chombo kikiwa kwenye mkondo. Nusu ya banda ilimuunga mkono, na nusu nyingine ikamrudisha mwaka 1993. Kijana mmoja, fundi baiskeli wa mtaani, alisimama na kusema kwamba mzee mwenyewe jioni ya kwanza alitufundisha tusimhukumu aliyevuka. Ndipo mzee wa nyuma, yule wa kauli ya mshahara, akajibu kwamba safari ya kwanza Sousa alivuka akiwa anadai, na safari hii alivuka akiwa anadaiwa. Sijasikia hukumu iliyopimwa vizuri zaidi juu ya mtu huyo, na ninaikubali. Haingeweza kutamkwa katika banda linaloonyesha mechi ya leo na kusahau ya jana, kwa sababu ilihitaji watu waliokaa na maisha ya mtu mmoja kwa jioni nne na kuyabeba ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwisho wa simulizi ulikuwa mfupi. Salernitana, iliyokuwa ikipambana isishuke daraja, ilimchukua Februari 2023, akaiokoa, akatimuliwa Oktoba. Na kutoka mwaka 2024 alikuwa Dubai na Shabab Al-Ahli, akatwaa nayo ubingwa wa Falme za Kiarabu mwaka 2025. Picha ya mwisho kuonyeshwa ilikuwa ya sherehe hiyo, Sousa akiwa na mvi, na mzee akatuomba tuangalie kama bado anageuza shingo.

Ningeshauri huduma hii iwe ya jioni tano, na ya tano iwe ya mjadala mtupu, kwa bei hiyohiyo. Wanaotoka Pongwe, Sahare na Duga wapange usafiri wa kurudi mapema, kwa kuwa daladala zinapungua sana baada ya saa nne. Atakayekuja na watoto afike kabla ya Isha na achukue mabenchi ya kushoto, karibu na feni, mstari wa pili au wa tatu, ambako ubao wa drafti unaonekana wote. Mfululizo ujao bado haujatangazwa. Tulipiga kura kwa kuinua mikono, na Deschamps alimshinda Conte kwa mikono michache. Mpwa wangu aliinua wa Conte, na tangu wiki ile amekuwa akiomba soda kila siku ili abaki na kizibo.